Mtu Aliyebaki Shimoni

Mpaka leo nikikutana na mtu wa rika langu kutoka Kalemie, hatumalizi kujuliana hali kabla hajanikumbusha filamu ya tatu. Ataisifu ya kwanza, ataisifu ya pili mpaka mate yamkauke, kisha atanitazama kwa jicho la pembeni na kusema kwamba ya tatu niliiharibu mimi. Zamani nilikuwa nabisha. Nilisema filamu haiharibiwi na mwelezaji, inaharibiwa na walioitengeneza. Siku hizi nanyamaza, kwa sababu anayenilaumu hajui hata nusu ya vitu nilivyoharibu siku ile.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Zaire, wakati bado tunaitana sitwayeni, yaani raia. Sale yetu ya videyo, yaani ukumbi wa kuonyeshea filamu, ilikuwa ghala karibu na stesheni ya reli. Zamani liliwekwa magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, na harufu yake haikutoka kamwe. Mwenye sale alikuwa fundi mstaafu wa reli, mtu mpole mwenye televizio moja na suruali iliyomzidi kiuno. Jumapili baada ya misa tulipigilia mablanketi madirishani, mchana ukawa giza, watu wakabanana kwenye mabenchi. Kaseti zilivuka ziwa kutoka Kigoma, nazo zilikuwa za Kiingereza. Kwetu watu walijua Kiswahili, Kiholoholo, Kitabwa, na Kifaransa cha shule. Kiingereza tuliwaachia wenyewe. Kwa hiyo pembeni ya televizio alisimama mwelezaji na fimbo yake, akituonyesha nani ni nani na kutuambia wanasema nini. Mwelezaji wa sale yetu alikuwa kaka yangu mkubwa.

Sale ile ilikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Filamu ikiisha, hakuna aliyetoka. Mablanketi yaliteremshwa, mwanga ukaingia, na watu wakakata neno. Mmoja mmoja alisimama akasema kama filamu ni nzuri au mbaya, na kwa nini, kama kwenye baraza la chifu, na wazee wa reli ndio waliofunga maneno. Filamu iliyoshinda ilionyeshwa Jumapili tatu. Iliyoshindwa ilirudishwa Kigoma kwa boti ya kwanza. Baadaye maishani nimesoma magazeti ya watu wanaolipwa kuhukumu filamu, na nasema bila aibu kwamba wengi wao wasingemaliza dakika tano mbele ya wale wazee.

Filamu ya kwanza ilihusu watu waliokwenda kuchimba madini kwenye nyota moja isiyo na jua. Ndani ya shimo wakaamsha mnyama anayekula joto. Hakuuma wala hakurarua. Alikusogelea tu, na wewe ukapoa kama uji uliosahauliwa. Uzuri wa filamu ile ni kwamba mnyama mwenyewe hatukumwona mpaka karibu na mwisho. Tuliona taa zikififia. Tuliona mtu akipuliza vidole vyake, halafu akiacha kupuliza. Katika ghala lile lililokuwa na joto la kuchemsha yai, watu walijikunyata na kushikana mikono. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashimo ya Manono alisimama wakati wa kukata neno, akasema aliyetengeneza filamu hii ameshawahi kushuka shimoni, kwa sababu anajua kwamba chini kule mtu haogopi kitu anachokiona. Ilionyeshwa Jumapili nne, na hiyo ya nne ilikuwa kinyume cha kanuni.

Kabla ya kusema habari za ya pili lazima niseme za nyumbani. Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Treni zilipopungua na mishahara ikageuka kuwa ahadi, alikwenda Manono kutafuta mawe ya bati kwa mikono yake, kama wengine wengi. Alionekana mara ya mwisho Kiambi, akivuka mto Luvua na baiskeli begani. Baada ya hapo, kimya. Wapo waliosema shimo lilimfunika, na wapo waliosema ana mke mwingine na shamba la mihogo. Ikapita miaka mitatu. Kila jioni mama alimpakulia bukari, ugali wetu, na samaki, akafunika sahani, na asubuhi sisi tukala kiporo. Hiyo ilitokana na neno la baba mwenyewe, maana kila alipotoka kwenda kazini alisema mlangoni, "Munifunikie yangu, nitarudia." Avenyu nzima, yaani mtaa wetu wote, ilimjua kwa neno hilo, na watoto walikuwa wakimwigiza.

Lakini sahani ile haikuwa mapenzi peke yake. Tulikuwa na nyumba ya matofali yenye mabati mazima, na baba mkubwa, yaani kaka wa baba, alikuwa anaitaka. Katika ukoo wetu mtu aliyepotea hahesabiwi kuwa amekufa mpaka mtoto wake wa kiume atamke kifo chake mbele ya watu. Akishatamka, matanga yanaanza, na matanga yakiisha ndugu wa marehemu wanakaa kitako kugawana alichoacha. Baba mkubwa alikuja kila baada ya muda na abakosti yake, koti la wakubwa wa enzi ile, iliyopigwa pasi, akakaa, akanywa chai, akauliza kwa upole kama hatuoni kwamba roho ya mdogo wake inahangaika kwa kukosa matanga. Kila mara kaka alimjibu kwamba baba yuko safarini. Mimi nilikuwa mdogo mtu, kazi yangu ilikuwa kuongeza sukari.

Ndipo ya pili ikaja. Wazee waliingia wakiwa wameshakunja nyuso, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imewakaa moyoni na hawakutaka mtu aichezee. Ilipoisha walikubali kwamba imeishinda, ingawa kwa njia nyingine. Ya kwanza ilitutisha kwa ukimya, ya pili ilitukimbiza. Kulikuwa na mwanamke mmoja, aliyekuwamo tangu ya kwanza, na wachimbaji wenzake waliotaka kutoka shimoni kwa lifti, mnyama yuko nyuma yao, na lifti ile ilikuwa haipandi mpaka mtu abaki chini kushika wenzo. Fundi mmoja akabaki, mtu mnene asiyesema sana. Mlango ulipokuwa unafungwa aliwatazama waliomo ndani akasema maneno machache. Kaka yangu alisita, fimbo ikiwa hewani. Kisha akasema, kwa sauti ya baba kabisa:

"Munifunikie yangu, nitarudia."

Hakuna aliyecheka. Mama yangu, aliyekuwa benchi la tatu pamoja na wamama wa kwaya, alijiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. 

Tangu Jumapili ile fundi wa lifti akawa baba yetu. Watu wa avenyu hawakuwa wajinga, walijua yule ni Mzungu wa kwenye kaseti. Lakini mtu akipita mbele ya nyumba yetu jioni aliuliza kama mama ameshafunika, na mama alijibu kwamba ameshafunika, na wote wawili walielewana. Baba mkubwa alipokuja tena kuomba matanga, majirani walimtazama kama mtu anayemchimbia kaburi aliye hai. Akaona haya, akaacha kuja. Filamu ile ilitulindia nyumba kwa karibu miaka miwili, na hakuna polisi wala karatasi ya serikali ambayo ingefanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Kisha kaka akavuka ziwa kwenda kuchagua kaseti mwenyewe, na hakurudi. Alioa Kigoma, akafungua kibanda sokoni, akawa anatutumia kaseti kwa mikono ya wafanyabiashara. Mama akaanza kufunika sahani mbili. Hilo lilinichoma kuliko nilivyoweza kusema, kwamba mtu aliyemfundisha mama yetu kungoja ndiye aliyekwenda kumwongezea wa kumngoja. Sikumsamehe, na hata sasa sijamsamehe sana.

Nikaishika fimbo mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nipo mwaka wa mwisho wa sekondari, na Kiingereza nilikuwa nimekiokota shuleni na redioni, si kingi lakini cha kweli. Cha kaka, nilianza kushuku, hakikuwepo kabisa. Siku moja nikiwa peke yangu kwenye sale niliiweka ile ya pili nikaisogeza mpaka kwenye lifti, nikasikiliza. Nikarudisha, nikasikiliza tena. Fundi anawaambia wasimngoje. Ni hayo tu. Kaka alikuwa ameyageuza maneno ya watu kichwa chini miguu juu, na mji mzima ukayalilia, na sisi tukala kiporo. Mwalimu wetu alipenda kutuambia kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Nikajiona mimi ndiye mpenzi mwenyewe.

Ya tatu ilifika ndani ya gazeti lililofungwa kwa kamba, na ndani ya gazeti kulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wa kaka: "Ya tatu ni mbaya. Uitengeneze." Nilikichana. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mji, nikiwa bado na tope la mitaro miguuni, nilijifungia kwenye sale nikaitazama peke yangu.

Ilikuwa mbaya kweli, na hilo nitalisema hata mbele ya padri. Mnyama alitokea dakika za kwanza kabisa, chini ya taa kubwa, mzima mzima, kama ng'ombe aliyeletwa kuuzwa. Ngozi yake ilikuwa mpira, na shingoni niliuona mshono. Yule mwanamke aliyekuwa na akili kwa filamu mbili nzima sasa alijikwaa kila hatua na kupiga mayowe. Wakaletwa wanajeshi, na wanajeshi wale waliongea bila kumeza mate. Zile mbili zilijua kwamba tunaogopa kwa sababu tunawapenda watu waliomo shimoni. Ya tatu ilidhani tulikuja kumwona mnyama.

Na jambo baya kuliko yote lilikuwa mwanzoni. Yule mwanamke anashuka tena, lifti inafunguka, na fundi yuko pale mlangoni, amekaa, amekauka, mkono bado uko kwenye wenzo. Mwanamke anawaambia wanajeshi kwamba alikufa siku ile ile, na kwamba hapakuwa na mtu wa kumngoja. Wanamruka. Wanaendelea na safari yao, na hatajwi tena mpaka mwisho. Nimewahi kuona watu wakivuka mbwa aliyekufa barabarani kwa heshima zaidi.

Nilijua kaka anataka nitengeneze nini. Ningeweza kusema yule ni mwingine. Ningeweza kusema chochote, nani angenibishia? Lakini nilikuwa na hasira naye, na hasira ile nilikuwa nimeivika kanzu nyeupe nikaiita ukweli. Habari ya nyumba sikuifikiria hata kidogo. Nasema hivyo si kwa kujitetea, maana mtu aliyekula kiporo miaka ile yote alipaswa kufikiri.

Jumapili sale ilijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mama alikuja na wamama wa kwaya, amevaa kitenge chake cha Pasaka. Baba mkubwa naye alikuja, ingawa hakuwa mtu wa videyo, kwa sababu siku ile mji mzima ulikuja. Lifti ilipofunguka na mkono ule ukaonekana kwenye wenzo, watu walipiga makofi. Mtu nyuma alisema, "Njo yeye, njo yeye," yaani ndiye huyo. Niliinua fimbo nikamgusa fundi kifuani, nikasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Amekufa. Alikufaka siku ile ile. Hakuna muntu wa kungojea."

Makofi yalikatika. Nilikuwa natazama televizio, si watu. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshasimama, na wamama wa kwaya walikuwa wanakunja magoti yao upande ili apite. Akatoka. Mimi nikaendelea kueleza, saa nzima na zaidi, wanajeshi na mayowe yao, neno kwa neno, bila kuongeza chumvi hata punje.

Wakati wa kukata neno waliichinja. Mzee wa Manono alisema aliyetengeneza hii hajawahi kushuka hata kwenye kisima. Mwingine alisema mnyama anayeonekana ni mnyama wa kufugwa. Mama mmoja alisema mtu aliyewaokoa wenzake hawezi kurukwa kama gogo, na kama ndivyo ilivyo kwa Wazungu, basi kaseti irudi kwao. Yote hayo nilikubaliana nayo. Lakini mwenye sale akaniuliza, kwa upole wake ule, kama nina hakika nilisikia vizuri pale kwenye lifti, na hapo damu ikanipanda. Nikasema nimesema kilichosemwa, na anayetaka uongo amfuate kaka yangu Kigoma.

Ndipo baba mkubwa aliposimama. Alifunga kifungo cha juu cha abakosti. Katika sale nzima ni yeye peke yake aliyeisifu filamu ya tatu.

"Mie nasema hii njo nzuri kupita zile mbili," alisema. "Zile zilitudanganya. Hii imesema kweli, na mutoto wa mwenyewe njo amesema, mbele ya watu wote. Wazee, mumesikia."

Nikasema nilikuwa naeleza filamu. Alinijibu taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kuvaa shati, kwamba filamu ni ya Wazungu lakini mdomo ni wangu, na kwamba hakuna mtu katika sale ile asiyejua yule wa kwenye lifti ni nani. Nikawatazama wazee wa reli. Walikuwa wanatazama viatu vyao. Kwa miaka miwili walikubali kwamba yule ni baba yetu. Hawakuweza kukataa siku hiyo moja kwa sababu tu haikutupendeza. Waliamua kaseti irudishwe Kigoma. Kaseti inaweza kurudishwa, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Jioni ile mama alipika, akatupakulia, akaosha sufuria. Hakufunika sahani yoyote, hata ya kaka. Jumatano matanga yalianza, wamama wa kwaya wakaimba, na aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa baba mkubwa. Matanga yalipokwisha nyumba ikawa yake, mabati na matofali. Mama alikataa kurithiwa. Alifunga vyombo vyake kwenye vitenge vitatu, akaondoka na mtumbwi wa injini kwenda Mpala kwa ndugu zake. Nilimsindikiza mpaka mtumbwini nikiwa nimebeba kinu. Hakunilaumu. Angenifanyia hisani kubwa kama angenilaumu. Kaka alituma kikaratasi kingine, chenye mstari mmoja: "Nilikuambia uitengeneze."

Habari za baba hazikuja. Hazijaja mpaka leo, si kutoka Manono wala Kiambi, si za uhai wala za kaburi. Kwa hiyo mimi, msema kweli, mpenzi wa Mungu, hata sijui kama nilisema kweli.

Miaka miwili baadaye nilikwenda Mpala kumwona mama. Nilimkuta chini ya misheni, karibu na maji, anageuza samaki kwenye uchanja. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa na wepesi wake ule ule. Tuliongea habari za shule, za bei ya chumvi, za kaka, ambaye alikuwa amepata mtoto wa pili. Kisha akaniuliza ile filamu iliishaje, kwa sababu yeye alitoka mapema. Nikamweleza: mnyama anachomwa moto, wanajeshi wote wanakufa, mwanamke anabaki peke yake na muziki unapigwa sana. Mama akasonya. Mnyama anayekula joto wanamchoma moto? Akasema hawa watu hata hawakuitazama ile ya kwanza. Sijawahi kusikia hukumu iliyo sahihi zaidi, na niliona fahari kuwa mwanawe.

Aligeuza samaki wawili, watatu.

"Na kaka yako?" aliuliza. "Pale kwa lifti, ye angesema nini?"

Sikuhitaji kufikiri. Nilikuwa na sentensi yake tangu ile Jumamosi, nikiwa na tope miguuni, na nilikuwa nimeimeza.

"Angesema amesinzia," nilisema. "Ameshika wenzo siku zote hizi, amechoka. Angesema: musimwamushe, mumufunikie tu chakula yake."

Mama aliacha samaki. Alinitazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira, palikuwa na mshangao, kama mtu aliyetafuta ufunguo nyumba nzima akaukuta mfukoni mwa mwanawe.

"Kumbe uliweza," alisema.